Hesabu za karakana: mambo ya kujua kabla ya kushika mashine ya kukereza vyuma

Makala hii ni kwa ajili yako ikiwa unataka kujifunza ufundi wa mashine za vyuma, au tayari unaufanya na hesabu zinakusumbua. Ufundi huu ni wa kukereza, kutoboa, kukata hesi na kuunda vipuri. Makala imeandikwa kwa wakimbizi waliopo katika kituo cha mpito cha Nkamira, sekta ya Kanzenze, wilaya ya Rubavu, na pia kwa vijana wenyeji wa Kanzenze na sekta za jirani. Hesabu ni zilezile kwa wote, na karakana mtakazoombea kazi ni zilezile.

Katika kila karakana kuna mtu anayeshika mashine na kuna mtu anayembebea vyuma. Mara nyingi kinachowatenganisha si nguvu wala miaka ya kazi. Mmoja anaweza kusoma mchoro, kupima na kupiga hesabu, na mwingine hawezi. Vijana wengi waliokatishwa masomo na vita hujiambia kwamba mlango huo umeshafungwa kwao. Haujafungwa. Hesabu zinazotumika kwenye mashine kila siku ni chache, na karibu zote ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kusoma jedwali. Kinachotakiwa ni uangalifu, kwa sababu chuma kikishakatwa hakirudi.

Tutafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Ni kazi ya kawaida katika eneo letu. Hesabu zinazotumika humo ndizo zinazotumika pia kwa mafundi wa viwanda vikubwa vya Rubavu na jirani zake, kama kiwanda cha bia cha Gisenyi, kiwanda cha chai cha Pfunda na kiwanda cha maziwa cha Mukamira. Kote huko kuna shafti, beringi, puli na mikanda inayochakaa.

Kwanza: nukta au mkato?

Ikiwa ulisoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa, ulifundishwa kuandika desimali kwa mkato: 0,05. Katika shule za ufundi za Rwanda masomo hutolewa kwa Kiingereza, na desimali huandikwa kwa nukta: 0.05. Huko mkato hutenganisha maelfu. Hivyo 1,500 kwa aliyesoma Kifaransa ni moja na nusu, na kwa aliyesoma Kiingereza ni elfu moja na mia tano.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini limeharibu kazi nyingi. Kabla ya kuanza kazi yoyote, uliza: "Mchoro huu unatumia nukta au mkato?" Katika makala hii tunatumia nukta, na hatuweki alama yoyote kwenye maelfu.

Vipimo: milimita na inchi

Michoro ya ufundi katika Rwanda na Kongo hutumia milimita. Hata shafti ya mita moja huandikwa 1000, bila neno "mm" pembeni. Alama ya Ø mbele ya namba maana yake ni kipenyo. Herufi R maana yake ni nusu kipenyo.

Hata hivyo, mabomba, bolti za mashine za zamani na keekee nyingi bado huuzwa kwa inchi. Kumbuka namba moja tu: inchi 1 ni milimita 25.4. Nyingine utazipata kwa kuzidisha:

- 1/4 ya inchi ni 6.35 mm
- 3/8 ya inchi ni 9.525 mm
- 1/2 ya inchi ni 12.7 mm
- 5/8 ya inchi ni 15.875 mm
- 3/4 ya inchi ni 19.05 mm

Angalia hapo: bolti ya nusu inchi na bolti ya milimita 12 zinafanana kwa macho, lakini zinatofautiana kwa 0.7 mm, na hesi zake hazilingani. Ukilazimisha moja iingie kwenye nati ya nyingine, utaharibu zote mbili.

Kusoma namba ya beringi

Mteja analeta shafti iliyochakaa mahali beringi zinapokaa. Kwenye beringi imeandikwa 6205. Namba hii ina hesabu ndani yake. Chukua tarakimu mbili za mwisho, yaani 05, uzidishe mara 5. Unapata 25. Hiyo ndiyo milimita ya tundu la ndani, na ndicho kipenyo cha shafti mahali hapo.

Kwa njia hiyo 6204 ina tundu la 20 mm na 6206 ina tundu la 30 mm. Kanuni hii inaanzia tarakimu 04 kwenda juu. Nne za chini yake uzikariri: 00 ni 10 mm, 01 ni 12 mm, 02 ni 15 mm, na 03 ni 17 mm.

Kwa hiyo hata kama shafti imeliwa hadi haipimiki, beringi yenyewe inakwambia ukubwa wake wa asili.

Kupima: kalipa na maikromita

Kalipa ni kile kipimo chenye taya mbili ambacho waliosoma Kongo hukiita kwa Kifaransa pied à coulisse. Kina mistari ya aina mbili: ya milimita kamili kwenye kipande kikubwa, na midogo kwenye kipande kinachoteleza.

Kusoma kwake ni hatua mbili:

1. Angalia sifuri ya kipande kinachoteleza imepita milimita ngapi kamili. Tuseme imepita 24.
2. Tafuta mstari mmoja mdogo unaolingana sawasawa na mstari wowote wa juu. Tuseme ni wa 19, na kalipa yako ni ya 0.05. Zidisha: 19 × 0.05 = 0.95.

Jumlisha: 24 + 0.95 = 24.95 mm.

Maikromita husoma kwa usahihi zaidi. Ile ya kawaida ya milimita husogea 0.5 mm kwa kila mzunguko mmoja, na ngoma yake imegawanywa mara 50. Kila mstari wa ngoma ni 0.01 mm. Ukiona 25.5 kwenye bomba na mstari wa 34 kwenye ngoma, kipimo ni 25.5 + 0.34 = 25.84 mm.

Kosa linalotokea sana hapa ni kusahau nusu milimita. Fundi anasoma 25.34 badala ya 25.84. Jilinde hivi: pima kwanza kwa kalipa, kisha kwa maikromita. Vipimo viwili vikitofautiana kwa karibu nusu milimita, umeisahau nusu.

Jambo lingine: maikromita ya 0 hadi 25 haiwezi kupima shafti iliyozidi 25 mm, hata kwa unywele. Utahitaji ya 25 hadi 50.

Nafasi inayoruhusiwa

Hakuna mashine inayoweza kukata 25 kamili bila kasoro yoyote. Ndiyo maana mchoro mzuri hutaja mipaka. Kwa shafti inayokaa ndani ya beringi ya 25 mm, mara nyingi utaona maandishi 25 k6. Jedwali la kimataifa linasema k6 kwa ukubwa huo ni kuongeza 0.002 hadi 0.015. Kwa hiyo:

- kipenyo kidogo kinachokubalika: 25 + 0.002 = 25.002 mm
- kipenyo kikubwa kinachokubalika: 25 + 0.015 = 25.015 mm

Shafti inatakiwa izidi tundu la beringi kidogo sana, ili beringi ikae kwa kubana. Lenga 25.01 na utakuwa ndani ya mipaka.

Je, ukitoa shafti ya 24.95? Mteja hataona tofauti, kwa kuwa ni nusu ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini beringi itaingia kwa kulegea. Mashine ikianza kuzunguka, pete ya ndani itateleza juu ya shafti, itapata joto na kuila. Kazi inaweza kurudi baada ya muda mfupi, na mteja hatasema kwamba umekosea 0.05. Atawaambia watu kwamba wewe si fundi.

Zingatia kwamba kalipa ya 0.05 haiwezi kukuhakikishia kazi hii, kwa sababu nafasi yote inayoruhusiwa ni 0.013 tu. Kifaa kinachopima lazima kiwe kidogo kuliko kosa unalotaka kulizuia.

Kosa linaloharibu shafti nyingi: kipenyo na kina

Umekereza hadi ukapata 25.84. Unataka 25.01. Ni kiasi gani kimebaki?

25.84 − 25.01 = 0.83 mm

Sasa subiri. Shafti inazunguka, na kisu kinakata kutoka upande mmoja, lakini chuma kinapungua pande zote mbili. Ukisogeza kisu 1 mm ndani, kipenyo kinapungua 2 mm. Kwa hiyo sogeza nusu tu:

0.83 ÷ 2 = 0.415 mm

Mwanafunzi akisahau kugawanya kwa 2 na kusogeza 0.83, kipenyo kitapungua 1.66 na shafti itakuwa 24.18. Chuma kile sasa ni chakavu.

Tatizo ni kwamba mashine hazifanani. Kwenye baadhi ya mashine namba za gurudumu la kusogezea kisu huonyesha kina. Kwenye nyingine huonyesha kipenyo tayari, na hapo hugawanyi. Siku ya kwanza kwenye mashine usiyoijua, fanya jaribio hili kwenye kipande cha chuma kisicho na thamani: pima kipenyo, sogeza gurudumu 0.5, kereza, kisha pima tena. Kipenyo kikipungua 1 mm, gurudumu linaonyesha kina. Kikipungua 0.5, linaonyesha kipenyo. Andika jibu kwenye daftari lako.

Tena, usikate 0.83 yote kwa mara moja. Kata sehemu kubwa, acha kidogo, pima tena chuma kikiwa kimepoa, ndipo umalizie. Chuma chenye joto hutanuka, na kipimo chake hudanganya.

Kasi: mashine izunguke mara ngapi?

Kila aina ya chuma ina mwendo wake wa kukatwa, unaotajwa kwa mita kwa dakika. Kwa chuma laini kinachokatwa na kisu cha kawaida cha feleji ya kasi, anza na mita 25 kwa dakika. Ili kupata mizunguko kwa dakika, tumia hesabu hii fupi:

mizunguko = mwendo wa kukata × 320 ÷ kipenyo

Hiyo 320 inatoka wapi? Ni 1000, yaani milimita zilizo ndani ya mita, ikigawanywa kwa pai, yaani 3.14. Jibu ni karibu 318, na mafundi hulikadiria kuwa 320 ili hesabu iwe rahisi.

Kwa nondo ya 40 mm: 25 × 320 ÷ 40 = mizunguko 200 kwa dakika.
Ikishafika 25 mm: 25 × 320 ÷ 25 = mizunguko 320 kwa dakika.
Kwa keekee ya 10 mm: 25 × 320 ÷ 10 = mizunguko 800 kwa dakika.

Unaona mpangilio: chuma chembamba kinazunguka haraka, kinene kinazunguka polepole. Ikiwa mashine haina gia ya namba uliyopata, chagua iliyo karibu chini yake. Kwenda haraka kupita kiasi huunguza kisu.

Kutoka hapo unaweza kukadiria muda. Ikiwa kisu kinasogea 0.2 mm kwa kila mzunguko, na mizunguko ni 200, basi kinasogea 0.2 × 200 = 40 mm kwa dakika. Sehemu ya 60 mm itachukua dakika moja na nusu kila inapopitiwa. Hesabu hii ndiyo inayokuwezesha kumwambia mteja aje saa ngapi.

Puli: hesabu inayogusa usalama wa watu

Mota nyingi za umeme katika nchi zetu huzunguka karibu mara 1450 kwa dakika. Tuseme mashine ya kusaga inatakiwa kuzunguka mara 2900. Kanuni ya mkanda ni hii:

mizunguko ya mota × kipenyo cha puli ya mota = mizunguko ya mashine × kipenyo cha puli ya mashine

Puli ya mota ikiwa 160 mm: 1450 × 160 ÷ 2900 = 80 mm. Hiyo ndiyo puli ya kukereza kwa ajili ya mashine.

Sasa tuseme huna chuma cha kutosha, na ukatengeneza puli ya 70 mm ukidhani tofauti ni ndogo. Mashine itazunguka 1450 × 160 ÷ 70, yaani karibu mara 3314. Kasi imepanda kwa sehemu moja ya saba. Lakini nguvu inayovuta nyundo za ndani kwenda nje haipandi kwa kiasi hichohicho. Hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi, yaani kasi mara kasi: 8/7 × 8/7, ambayo ni karibu 1.31. Nguvu imepanda kwa karibu theluthi moja. Nyundo iliyochoka inaweza kukatika, na aliyesimama karibu ni mama aliyeleta ndoo ya mahindi na mtoto wake mgongoni.

Kwa hiyo usibadilishe ukubwa wa puli bila kupiga hesabu, hata mteja akisisitiza kwamba anataka mashine yake "iende mbio".

Hesabu nyingine nne za kuwa nazo daftarini

Matundu kwenye duara. Ukitakiwa kutoboa matundu 6 yaliyo sawa kwenye duara la 120 mm, huhitaji chombo cha kupimia pembe. Fungua bikari kwa nusu kipenyo, yaani 60 mm, uanze kwenye alama moja na uende ukiweka alama kuzunguka duara. Utafika ulipoanzia baada ya alama 6. Kwa matundu 4, fungua bikari 120 × 0.707, yaani karibu 84.85 mm.

Pembe mraba. Ili kujua kama fremu imekaa mraba, pima 300 mm upande mmoja na 400 mm upande wa pili kutoka kwenye kona. Umbali kati ya alama hizo ukiwa 500 mm kamili, kona ni mraba. Hii ni kanuni ya Pithagorasi, na waashi huitumia pia.

Tundu la kukatia hesi. Toa umbali kati ya jino na jino kwenye kipenyo cha bolti. Kwa bolti ya M10 yenye hesi ya 1.5: 10 − 1.5 = 8.5 mm. Kwa M8 yenye hesi ya 1.25: 8 − 1.25 = 6.75, na keekee inayouzwa ni ya 6.8 mm. Ukitoboa tundu dogo mno, chombo cha kukatia hesi kitakatikia ndani. Ukitoboa kubwa mno, bolti haitashika.

Mkato wa mteremko. Shafti ikianzia 40 mm na kuishia 30 mm ndani ya urefu wa 100 mm, tafuta tofauti ya vipenyo, ugawanye kwa urefu mara mbili: 10 ÷ 200 = 0.05. Kwenye simu yako bonyeza kitufe cha tan⁻¹ kwa 0.05. Utapata karibu nyuzi 2.86. Hiyo ndiyo pembe ya kuweka kwenye kichwa cha mashine. Tahadhari: nyuzi 2.86 si nyuzi 2 na dakika 86. Zidisha 0.86 kwa 60, na utapata nyuzi 2 na karibu dakika 52.

Bei: usifanye kazi ya hasara

Mafundi wengi wanaopima vizuri hukosea hapa. Chuma huuzwa kwa uzito. Kwa nondo ya duara, hesabu ya haraka ni:

kilo kwa kila mita = kipenyo × kipenyo × 0.00617

Nondo ya 40 mm: 40 × 40 × 0.00617 = kilo 9.87 kwa mita. Kipande cha 350 mm ni 0.35 ya mita, hivyo kina uzito wa 9.87 × 0.35, karibu kilo 3.45.

Zidisha uzito huo kwa bei ya kilo ya siku hiyo. Ongeza chuma kitakachopotea kwenye msumeno. Ongeza umeme, visu, kodi ya mashine ikiwa si yako, na saa zako. Ukishapata jumla, ndipo utaje bei. Ukitaja bei kwanza na kuhesabu baadaye, huenda ukagundua kwamba umemlipa mteja ili akupe kazi.

Jinsi ya kujifunza ukiwa bado huna mashine

Nkamira ni kituo cha mpito. Wengi hupita hapo kabla ya kupelekwa Mahama, wilaya ya Kirehe, au kambi nyingine. Huwezi kubeba mashine, lakini daftari unaweza kulibeba. Haya unaweza kuyafanya sasa hivi:

- Chukua kopo, bilauri na sufuria. Zungushia kila kimoja uzi, pima uzi huo, kisha ugawanye kwa kipenyo. Kila mara utapata karibu 3.14. Ukishaiona pai kwa mikono yako, hutaisahau.
- Kariri vipimo vya inchi vilivyotajwa hapo juu, vitano kwa siku tano.
- Chora kitu rahisi, kama bawaba au nati, kwa kukitazama kutoka mbele, juu na pembeni. Andika vipimo vyote. Mpe mwenzako akikadirie kwa mchoro tu. Akikuuliza swali, mchoro wako umepungukiwa.
- Rudia hesabu zote za makala hii kwa namba zako mwenyewe. Fanya kwanza kwa kalamu, kisha uhakikishe kwa simu.
- Ikiwa kuna fundi mzee kati yenu, mwombe mzee huyo akae nanyi saa moja kwa wiki. Wapo mafundi waliokereza vyuma Goma au Rutshuru kwa miaka mingi. Wao wana mikono, nanyi vijana mna kalamu. Badilishaneni.

Wapi pa kusomea, na karatasi gani utahitaji

Katika Rwanda elimu ya ufundi inasimamiwa na Rwanda TVET Board, kwa kifupi RTB, iliyoanzishwa mwaka 2020. Sekondari ya ufundi ni ngazi ya 3 hadi ya 5. Huchukua miaka mitatu baada ya kumaliza kidato cha tatu cha Rwanda, yaani S3. Zipo pia kozi fupi kwa wale ambao hawakufika hapo. Juu ya ngazi ya 5 kuna vyuo vya Rwanda Polytechnic, iliyoanzishwa mwaka 2017, kikiwemo kile cha Musanze. Si kila shule au chuo kina mashine za kukereza. Uliza kuhusu kozi yenyewe kabla ya kujaza fomu.

Ikiwa una vyeti vya Kongo, kama bulletin au diplôme d'État, vitunze kwenye mfuko usioingia maji na uvipige picha. Ulinganishaji wa vyeti vya shule na vile vya Rwanda hushughulikiwa na mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, NESA. Ikiwa ulijifunza kazini na huna cheti chochote, uliza kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Huko utapimwa kwa kazi ya mikono na maswali, na hesabu za makala hii ni sehemu ya ujuzi unaopaswa kwenda nao.

Rwanda ina sheria ya wakimbizi, na mkimbizi anayetambuliwa ana haki ya kufanya kazi. Kitambulisho cha mkimbizi ndicho mwajiri atakachokiomba. Ukiwa bado katika hatua ya kuandikishwa, waulize maafisa wa MINEMA na UNHCR waliopo kituoni ni karatasi gani unaruhusiwa kutumia sasa, na utaratibu wa kupata ruhusa ya kutoka kwenda masomoni. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Mtu akikuomba pesa ili akuandikishe kwenye mafunzo kwa jina la UNHCR, usimpe, na uripoti.

Kwa mwenyeji, pa kuanzia ni ofisi ya sekta ya Kanzenze, shule ya ufundi iliyo karibu nawe, au karakana za Gakiriro ya Rubavu, ambako unaweza kuomba kuangalia kazi kabla ya kuamua.

Siku ya kwanza karakanani

Nenda na daftari, kalamu na rula ya chuma kama unayo. Vua shuka, skafu na pete, kunja mikono ya shati, na usivae glavu karibu na chuma kinachozunguka, kwa sababu hunaswa na kuvuta mkono. Ukipewa kipimo, kirudie kwa sauti ili aliyekupa asikie. Pima mara mbili kabla ya kukata. Usipojua, sema: "Mzee, sijaelewa hapo, naomba unieleze tena." Fundi mwema hatakucheka. Swali moja halina gharama, na shafti moja iliyoharibika ina gharama ya nondo nzima.

Makala hii unaweza kuichapisha, kuinakili kwa mkono au kumsomea mwenzako asiye na simu.